Mji Uliochongwa kwa Fedha ya Gesi



Aghalabu sisi tuliohamia Birmingham huufahamu mji huu kwa njia tatu tu: njia ya kazini, njia ya dukani na njia ya msikitini. Katikati ya mji tunapita mbio, mifuko mikononi, macho yakitafuta namba ya basi. Mwezi huu nawaomba mwende nami kwa hatua za pole, tuutazame mji kwa yale ambayo hayauzwi wala hayanunuliwi: sanamu, chemchemi, nakshi, nyumba za picha na za vitabu. Hizi ni mali ya umma, na katika umma huo tumo sisi tunaolipa kodi ya baraza. Nina sababu ya kuyasema haya wakati huu, nayo nitaifikia kabla matembezi hayajesha.

Tuanzie stesheni ya New Street. Ndani yake amesimama fahali wa mitambo, kimo chake mita 10, anayegeuza kichwa na kupepesa macho. Alitengenezwa kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022, na Michezo ilipokwisha ilikusudiwa avunjwevunjwe. Wakazi wakakataa. Walipiga kelele na kutia saini, mpaka wakubwa wakabadili shauri, na Julai 2023 fahali akawekwa hapo alipo, akapewa kwa kura ya watu jina la Ozzy, kwa heshima ya mwanamuziki wa mji huu. Tulikumbuke jambo hili: kitu kilichokuwa kitupwe kimebaki kwa sababu watu wa kawaida walisema wanakitaka.

Tukipanda mtaa wa New Street tutatokea uwanja wa Victoria Square, mbele ya Council House, makao ya Baraza la Jiji. Uwanja huu ulifanywa upya mwaka 1993, na kazi ya kuupamba akapewa Dhruva Mistry, mchongaji mzaliwa wa Gujarat, Bara Hindi. Ni yeye aliyefanya chemchemi kubwa inayoitwa The River pamoja na walinzi wawili wa jiwe wanaoilinda. Kwetu watu wa pwani, Gujarat si nchi ya mbali. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na nguo kutoka huko, na mpaka leo katika Mji Mkongwe wa Unguja kuna milango inayoitwa ya Kigujarati. Basi mkono uliotufikia sisi kwa njia ya bahari, Birmingham uliufikia kwa njia ya nyundo na tindo.

Chemchemi hiyo ina kisa. Ilivuja, na mwaka 2013 maji yakafungwa. Mwaka 2015 bonde lake likajazwa udongo na kupandwa maua, kwa kuwa matengenezo yalikuwa ghali. Maji hayakurudi mpaka mwaka 2022, mwaka wa Michezo. Na hapo hapo Victoria Square ndipo mbio za marathoni za Michezo hiyo zilipomalizikia, tarehe 30 Julai. Victor Kiplangat wa Uganda alifika wa kwanza, Alphonce Simbu wa Tanzania wa pili, na Michael Githae wa Kenya wa tatu. Upande wa wanawake Margaret Muriuki wa Kenya akapata medali ya fedha. Ikiwa watoto wenu wanauliza uwanja ule unatuhusu nini, waambieni hayo.

Tuzunguke nyuma ya Council House tufike kwenye Jumba la Makumbusho na Picha la Birmingham. Lilifunguliwa mwaka 1885, na namna lilivyojengwa ni somo peke yake. Mwaka 1875, chini ya meya Joseph Chamberlain, manispaa ilizinunua kampuni za gesi za mji, na faida iliyokuwa ikienda kwa wenye hisa ikawa ya wananchi. Sheria ya zama zile iliweka mpaka katika kodi ambayo manispaa iliweza kuitumia kwa maktaba na makumbusho. Wazee wa mji wakatafuta hila ya halali: idara ya gesi ilijenga ofisi zake mpya, na juu ya ofisi hizo ikajenga jumba la picha. Katika jiwe la ukumbusho wakaandika kwamba kwa mapato ya viwanda wanaikuza sanaa. Mwaka huo huo wa 1885 shule ya sanaa ya Birmingham, iliyoko mtaa wa Margaret Street, ikawa shule ya kwanza ya sanaa katika Uingereza kuendeshwa na manispaa. Kwa hivyo fundi aliyewasha taa ya gesi nyumbani kwake usiku, kila alipolipa, alikuwa akimnunulia mwanawe picha na mwalimu wa kuchora.

Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Centenary Square. Jumba la mikutano lilipojengwa pale na kufunguliwa mwaka 1991, Baraza lilitenga asilimia 1 ya gharama kwa ajili ya sanaa. Tess Jaray alibuni nakshi ya matofali ya sakafuni, ambayo ingemfurahisha yeyote aliyezoea kutandika mkeka wa ukili wa rangi. Raymond Mason, mzaliwa wa Birmingham, akasimamisha sanamu kubwa iliyoitwa Forward, yaani Mbele, neno ambalo ndilo kaulimbiu ya mji. Sanamu ile haikuwa ya shaba bali ya nyuzi za kioo na utomvu, na mwaka 2003 ilitiwa moto ikateketea. Haikurudishwa. Mali ya umma hufa kwa moto, lakini pia hufa kwa kutokuwa na wa kuisemea.

Pembezoni mwa uwanja huo pamesimama Maktaba Kuu, iliyofunguliwa na Malala Yousafzai mwezi Septemba 2013, na Symphony Hall, nyumbani kwa okestra ya jiji. Okestra hiyo ilianzishwa mwaka 1920, na inahesabiwa kuwa ya kwanza katika Uingereza kupewa fedha za manispaa. Na hapa ndipo ninapoifikia sababu niliyoitaja mwanzo.

Tarehe 5 Septemba 2023 Baraza la Jiji lilitangaza rasmi kwamba mapato yake hayatoshi matumizi yake. Sababu mbili kubwa zilitajwa. Moja ni madai ya wafanyakazi wanawake waliolipwa chini ya wanaume kwa kazi za thamani moja, madai ambayo wakati ule yalikadiriwa kufika pauni milioni 760. Ya pili ni mtambo mpya wa kompyuta wa mahesabu, ambao gharama zake zilipindukia. Serikali kuu ikaleta makamishna wa kusimamia. Machi 2024 madiwani wakapitisha bajeti iliyoipandisha kodi ya baraza kwa karibu asilimia 10, na mwaka 2025 ikapanda tena kwa asilimia 7.5. Katika bajeti hiyo hiyo ruzuku ya taasisi kubwa za sanaa, miongoni mwao okestra, jumba la tamthilia la Rep na jumba la picha la Ikon, ilikatwa nusu kwa mwaka wa kwanza na kuondolewa yote mwaka wa pili. Mila ya zaidi ya miaka 100 ikakatika kwa kura za usiku mmoja.

Tuseme kwa insafu. Wanawake wale walidai haki yao, wala haifai kuwalaumu. Tena mzee asiyeweza kujiogesha hawezi kuambiwa angoje ili sanamu isafishwe. Huduma za wazee na za vijana nazo zilipunguzwa, na hakuna mwenye akili atakayeweka muziki mbele ya dawa. Lakini tuangalie ni nani hasa aliyeumia. Okestra kubwa ina milango mingine ya kubisha: tikiti, matajiri, na Baraza la Sanaa la taifa. Darasa la Jumamosi katika ukumbi wa mtaa, mwalimu mmoja na watoto 15 wenye rangi na karatasi, halina mlango mwingine. Saa za maktaba za mitaa zikipunguzwa, anayekosa pa kufanyia kazi ya shule ni mtoto wa nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba. Sihitaji kueleza mtoto huyo ni wa nani.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Mji Mkongwe, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa mwaka 2002 kufundisha udi, kanuni na ngoma zetu. Kwa kuwa kimeishi kwa misaada ya wafadhili, kimewahi kukaribia kufungwa misaada ilipopungua. Mfadhili ni mgeni, na mgeni huaga. Ndiyo maana wazee wa Birmingham walitaka sanaa iwe na mzizi katika fedha ya mji wenyewe.

Najua wamo miongoni mwetu wasiopenda sanamu za viumbe, na rai yao ina misingi. Sikukusudia kuijadili hapa. Lakini sanaa ya umma si sanamu peke yake. Mohammed Ali, msanii Mwislamu aliyekulia Sparkbrook, amezijaza kuta kwa rangi zinazochanganya michoro ya mitaani na khati ya Kiarabu. Mwaka 2022, katika tamasha la Michezo, kikundi chake kilionyesha katika Birmingham Hippodrome kazi iitwayo Waswasa, juu ya sala na minong'ono inayomjia mwenye kusali. Sala yetu ilionyeshwa kwa heshima katika mojawapo ya kumbi kubwa za mji. Fedha ya umma iliweza kutufikia pia.

Tumalizie matembezi Small Heath, kwenye Msikiti wa Green Lane. Wengi wetu tumesali hapo. Safari ijayo, kabla ya kuvua viatu, inueni macho: matofali mekundu, nakshi za udongo wa kuchomwa, mnara wa saa. Jumba hilo lilijengwa na manispaa kati ya 1893 na 1902 liwe maktaba na hamamu ya watu wa mtaa. Waliokuwa wakifanya kazi viwandani walijengewa jengo zuri, si jengo la kutosha tu, kwa kuwa wazee wale waliamini maskini naye ana haki ya kutazama uzuri. Walipoliacha, Waislamu wakalinunua. Leo tunasujudu ndani ya sadaka ya walipa kodi wa zamani ambao hawakutujua.

Basi, ndugu zangu, tufanye nini? Kwanza, twende. Makumbusho yaliyofungwa kwa matengenezo mwaka 2020 yalianza kufunguliwa tena Oktoba 2024, na kuingia ni bure, wapelekeni watoto. Pili, kila kata ina diwani wake, na kabla ya kupitisha bajeti Baraza huwauliza wakazi maoni yao. Fomu hizo hujazwa na wachache, na wachache hao mara nyingi si sisi. Anayeshindwa na Kiingereza amwite kijana wake ajaze naye. Tatu, mtaa wenye darasa la watoto ambalo bado lipo, tuliandikishe watoto wetu, kwani darasa lenye viti vitupu ni jepesi kufungwa. Fahali wa New Street aliokolewa na watu waliosema. Maktaba ya mtaa wako nayo inangoja wa kuisemea.

Wabillahi tawfiq.