Mnofu Ulienda Wapi

Kisumu, njaa ikikushika na mfuko haujajaa, hutafuti samaki. Unatafuta mgongo wazi. Wageni wakija sisi huwapeleka Dunga wakale samaki mzima, wapige picha na ziwa, warudi zao Nairobi. Lakini chakula kilicholisha watu wengi wa Obunga na Kondele ni kile kinachobaki samaki akishaondoka: kichwa, mifupa na mkia wa mbuta, vilivyoanikwa juani kisha vikakaangwa kwa mafuta moto hadi mapezi yanavunjika mdomoni kwa kelele. Jina lenyewe linajieleza. Mgongo uko wazi kwa sababu mnofu umeshatolewa.

Mbuta si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza samaki wengi wa asili, naye mwenyewe amegeuka biashara kubwa. Viwanda vikafunguliwa Kisumu, Mwanza na Jinja. Humo mbuta hupasuliwa, minofu ikagandishwa na kusafirishwa Ulaya. Hata mabondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni, huenda China kwa bei ambayo mvuvi akiisikia hucheka tu. Mabaki hutokea mlango wa nyuma. Ni kwenye mlango huo ambapo Mama alikuwa akipiga foleni alfajiri na beseni lake.

Alikaanga mgongo wazi Obunga tangu sijaanza shule hadi nikaingia chuo. Karai moja, stuli mbili, gazeti la kufungia. Karo yangu yote ilipitia kwenye yale mafuta. Jioni kikibaki kitu tulikula sisi, na kwa vile tulikuwa watoto, Mama alitutolea ile nyama kidogo ya shingoni, yeye akabaki kunyonya mifupa. Nilikua nikiamini kwamba Mama anapenda mifupa.

Aliwahi kunisimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipokataa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya mambo ya usafi na sumu, bei ya mbuta ilianguka. “Hiyo miezi tulikula minofu, nyathina. Minofu kabisa, na ugali.” Lakini pia ndiyo miezi alikosa biashara, maana kiwanda kisipopasua samaki hakuna mgongo. Alisimulia hayo yote mawili kwa sauti ileile moja, na mimi sikujua nicheke au nimpe pole.

Nilipomaliza chuo Nairobi, alikuja kwa basi la usiku kuniona nikivaa lile joho. Baada ya sherehe nilitaka kumlisha mahali pazuri, na doo nilizokuwa nazo zilitosha mahali pamoja tu: hoteli ndogo ya Wahabeshi Eastleigh, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Tulikuwa wateja wa pale enzi za chuo kwa sababu sahani moja inalisha watu wawili, na mkiwa watatu mnavumiliana. Ilikuwa Ijumaa. Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwa hivyo siku hizo sinia huja na mboga tupu: dengu nyekundu, shiro, sukuma, kabeji, viazi, kila kimoja kwenye kijilima chake juu ya injera pana kama ungo.

Mama alilitazama lile sinia kwa muda. “Sahani yangu iko wapi?”

“Ni hii. Yetu wote.”

“Na kijiko?”

“Unakula na sahani yenyewe, Mama.”

Alikata kipande, akaonja, akanyamaza. Injera hutengenezwa kwa unga wa teff, nafaka ndogo kuliko hata wimbi, ambao huchachushwa siku kadhaa kabla ya kumwagwa juu ya kikaango. Ule uchachu Mama aliujua. “Huu ni uji wetu,” akasema. “Tofauti ni kwamba wao wameuchapatia.” Kutoka hapo akawa nyumbani.

Nyumbani kiasi kwamba alianza tabia yake. Alikuwa akisukuma dengu upande wangu, yeye akila kingo kavu za injera. Mwenye hoteli, mama wa makamo mwenye shuka jeupe mabegani, alimwona. Akaja bila kuitwa, akakunja kipande cha injera na shiro na dengu kikawa tonge kubwa, akakileta hadi mdomoni mwa Mama. Wao huita gursha: kumlisha mtu kwa mkono wako, kumwonyesha heshima na upendo. Mama alirudi nyuma kidogo. Kisha akafungua mdomo.

Usiku, chumbani kwangu, akaniambia, “Mara ya mwisho mtu kunilisha nilikuwa mgonjwa.”

Kitu kingine alichokipenda ni mwisho wa mlo. Vijilima vikiisha, ile injera ya chini inabaki imelowa mchuzi wote, na watu wanaojua huigombania. Mama aliila yote. “Kwa hivyo hawa,” akasema, “kizuri kinabaki chini, na wanaokaa mezani ndio wanakila.” Sikumjibu, lakini nilielewa alikuwa akifikiria mlango gani wa nyuma.

Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 2006 serikali ya Ethiopia ilipiga marufuku kuuza nje nafaka ya teff. Ulimwengu ulikuwa umeanza kuitafuta, bei ilikuwa ikipanda, na wakaogopa kwamba mwananchi wa kawaida atashindwa kununua injera nchini mwake. Injera iliyokwisha kupikwa iliruhusiwa kutoka, nafaka ilibaki. Karibu miaka kumi baadaye wakaanza kulegeza. Sisemi ile sheria ilikuwa haki tupu. Mkulima aliyezuiwa kuuza kwa bei ya nje alikuwa na watoto wa shule pia, kama Mama. Kinachonishika ni kwamba kuna mahali watu wazima walikaa mkutanoni wakauliza: chakula chetu kikipendwa nje, sisi tutakula nini? Huku kwetu swali hilo jibu lake lilikuwa karai la Mama.

Na siku hizi hata mgongo wazi una bei. Mbuta amepungua ziwani. Sokoni unakuta samaki wa barafu kutoka China, na ziwani kumejaa maelfu ya vizimba vya kufugia. Nilipopata mshahara wa kwanza hapa Kisumu, nilimpeleka Mama Dunga nikaagiza samaki mzima, wa kukaanga kisha akachemshwa kidogo na nyanya, na ugali na mboga za kienyeji. Alimgeuza kwa kidole, akamkagua kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

“Huyu ametoka wapi?”

“Ziwani, mama,” kijana wa hoteli akajibu.

“Ziwani gani? Angalia alivyonona. Huyu amesomea bweni.”

Kijana akacheka, akakubali: alikuwa wa kizimba. Mama akasema si neno, hata mwanangu alisomea bweni. Tukanawa mikono. Bila hata kufikiria, akang’oa mnofu wote wa mgongoni akauweka upande wangu wa sahani, yeye akavuta kichwa na mifupa.

“Mama, leo samaki ni mzima.”

“Nimemwona.”

“Basi kula nyama.”

“Nimezoea huku.”

Nikamega ugali, nikauminya ukawa na shimo katikati, nikajaza ule mnofu mweupe na mchuzi kidogo. Nikanyoosha mkono juu ya meza. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kuona kama kuna mtu wa Obunga anayetutazama.

“Una mifupa?”

“Hauna.”

Akafungua mdomo. Akatafuna polepole sana, kama mtu ambaye bado anautafuta mfupa.