Mizani ya Insha ya Kushawishi: Mtoto Anamwandikia Nani?

Insha ya mtoto wa shule ya msingi ni matini ambayo wahakiki wa Kiswahili wameitupia jicho kwa nadra mno, japo kila muhula hulundikana juu ya meza za walimu. Husomwa mbiombio, kalamu nyekundu mkononi, kisha ikapewa alama. Alama hiyo hupima nini hasa? Hili ni swali la uhakiki, wala si la ualimu peke yake, na uzito wake huzidi pale insha inapokuwa ya kushawishi, yaani ile inayomtaka mtoto amgeuze nia mtu aliye mkubwa kuliko yeye.

Kwa miaka mingi mizani ya insha nchini Kenya ilifuata mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtahiniwa alipewa dakika 40 aandike insha moja yenye alama 40. Kwa kuuhofia muda huo, walimu wengi waliwakaririsha wanafunzi mianzo, tashbihi na methali, nao wakaingia katika chumba cha mtihani kama mtu aendaye sokoni na kikapu kilichokwisha kujaa. Mada iwe ajali, iwe harusi, iwe mjadala, jogoo aliwika vilevile na jua likachomoza vilevile. Mtihani huo umekwisha, na mtaala wa umilisi umeshika mahali pa ule wa awali; lakini mazoea ya kusahihisha hayafutwi kwa waraka.

Chukulia, mathalani, wanafunzi wawili wa Gredi ya 6 waliotakiwa wamwandikie mwalimu mkuu barua ya kumwomba maktaba ifunguliwe wakati wa mapumziko ya mchana. Wa kwanza anamwamkua kwa taadhima, kisha anasema kwamba elimu ni taa, elimu ni bahari, na kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sarufi yake haina doa. Wa pili anaandika sentensi fupifupi, na upatanisho wa ngeli umemponyoka mara tatu. Hata hivyo, anasema kuwa anajua mwalimu mkuu anachelea vitabu kupotea. Kwa hiyo anapendekeza wanafunzi wawili wa zamu wakae mlangoni na daftari la kuandikia majina. Tena jambo hilo lijaribiwe kwa wiki mbili tu. Kikipotea kitabu hata kimoja, mlango na ufungwe.

Kwa mizani iliyozoeleka, wa kwanza atatia fora na wa pili ataambulia wastani. Lakini ni barua ipi itakayomfanya mwalimu mkuu atafute ufunguo? Huyu wa pili ameingia katika moyo wa msomaji wake, akaikuta hofu iliyomo, akaijibu kabla haijatamkwa. Jambo hilo watu wazima wengi hawaliwezi. Akirudishiwa karatasi yenye mistari myekundu chini ya ngeli zake na neno moja, "Pamba lugha", atajifunza kwamba maandishi hayakusudiwi kusikilizwa na mtu. Hiyo ndiyo hasara kubwa, nayo haimo katika jumla ya alama.

Wataalamu wa balagha ya Kiarabu walishikilia kwamba usemi fasaha hauna budi kulingana na hali ya yule anayeambiwa. Aristotle naye alitaja njia tatu za kushawishi: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Nasaha za Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858, zina uzito kwa kuwa mama aliyekuwa mgonjwa anamwusia bintiye. Malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu katika enzi ya Muyaka bin Haji nayo yalimlenga mpinzani anayejulikana, ambaye bila shaka angejibu. Mtoto wa shule aghalabu huandikia mtu asiyekuwapo. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu saikolojia ya uandishi, walionyesha jinsi mtoto katika mazungumzo anavyosukumwa mbele na maneno ya mwenzake, ilhali katika kuandika hana wa kumsukuma. Basi humwaga ayajuayo hadi yamwishie.

Isidhaniwe kwamba methali zifukuzwe darasani. Stephen Toulmin, katika kazi yake ya mwaka 1958, alionyesha kuwa baina ya ithibati na dai pana kanuni inayoviunganisha, na katika jamii ya Waswahili kanuni hiyo mara nyingi ni methali. Mtoto anayependekeza kila mwanafunzi atoe shilingi tano kwa mwezi, akasema haba na haba hujaza kibaba, ameijenga hoja yake juu ya methali. Msahihishaji na aifute methali kwa mawazo: hoja ikitetereka, ilikuwa nguzo, ikisimama kama ilivyokuwa, ilikuwa pazia.

Kwingineko kazi hii imejaribiwa kwa utaratibu zaidi. Australia, katika mtihani wake wa taifa wa NAPLAN, ilianza kupima uandishi wa kushawishi mwaka 2011, ikaugawa katika vigezo kumi vyenye jumla ya alama 48. Kumjali msomaji kulitengewa alama 6, fikra 5, mbinu za kushawishi 4, na tahajia 6. Kwamba tahajia imezishinda mbinu za kushawishi katika insha ya kushawishi ni jambo la kustaajabisha kidogo. Hata hivyo mgawanyo huo una faida yake: mtoto wa barua ya pili angeona kwamba ameanguka katika ngeli na kupaa katika jambo jingine. Alama moja isiyogawanywa humficha. Fauka ya hayo, wasomaji wenyewe hawapatani. Katika utafiti wa Paul Diederich na wenzake uliotolewa Marekani mwaka 1961, wasomaji 53 walizipanga insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo katika daraja tisa. Asilimia 94 ya insha hizo zilipata daraja saba tofauti au zaidi.

Kuna mtihani mwingine unaomhusu msahihishaji mwenyewe. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Tuseme mtoto ameandika insha ya kutaka virudishwe: ametaja makosa ambayo adhabu za sasa hazijayazuia, ameikiri hofu ya wazazi kwamba mtoto aweza kujeruhiwa, akaijibu kwa kutaka mwalimu asiyekasirika ndiye achape, tena mbele ya shahidi. Msahihishaji anaichukia rai hiyo, na ana haki ya kuichukia. Amwandikie pambizoni swali ambalo mzazi angeuliza: nani atapima hasira ya mwalimu? Kisha ampe alama za hoja alizozichuma, zote.