Kiingereza Kibovu Si Akili Mbovu

Wengi wenu mna mtoto katika shule ya sekondari, au siku moja mtakuwa naye. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na leo nataka kusema nanyi juu ya kazi moja iwatesayo watoto wenu kuliko mnavyodhani: kusoma kitabu cha hadithi kwa Kiingereza na kukichambua.

Kuchambua maana yake nini? Si kusimulia yaliyotokea tu. Ni kueleza kwa nini yalitokea, mtu fulani ana moyo wa namna gani, mwandishi ataka tufahamu nini. Tena ni kuonyesha mahali katika kitabu ulipoyapata hayo. Mtoto wa kijijini amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya mengi. Akiingia sekondari, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, na mtihani pia. Basi afanyeje? Hununua vijitabu vya majibu, wenyewe huviita madesa, akakariri usiku na mchana. Ukimwuliza habari za mtu wa hadithini, hukutolea maneno ya kijitabu kama kasuku, na kitabu chenyewe hajakifungua.

Wazazi, msiwahukumu upesi. Watoto hao si wavivu, wala si wajinga. Akili ya kuchambua wanayo tangu nyumbani, nanyi ndinyi mliowapa.

Fikirini kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto mmoja asema, "Yai." Mwingine asema, "Kaburi." Wa tatu asema, "Mzinga." Huyu wa tatu wenzake humkatalia mara moja: mzinga una tundu, nyuki hupita wapi? Wale wawili wa kwanza hubaki wakibishana. Mmoja asema yai ni nyumba ya kifaranga, naye hutoka kwa kuivunja. Wa pili asema kaburi ni nyumba ya kila mtu. Mwaona? Majibu yaweza kuwa zaidi ya moja, lakini si kila jibu hufaa. Jibu lifaalo ni lile lenye sababu itokayo katika maneno yenyewe ya kitendawili. Kuchambua kitabu ni hivyo hivyo, ila kitabu ni kirefu zaidi.

Kwa hiyo darasani mwangu swali kubwa ni moja: "Umejuaje?" Twasoma ukurasa kwa sauti, kwa Kiingereza. Kisha twafunga kitabu, na mtoto asimulia kwa Kiswahili. Kisha nauliza kwa nini, na mara baada ya jibu nauliza, "Umejuaje?" Hapo lazima afungue kitabu, aweke kidole juu ya mstari.

Nitawapa mfano. Twasoma Things Fall Apart, kitabu cha Chinua Achebe wa Nigeria, kilichotoka mwaka 1958. Mle yumo Okonkwo, mtu shujaa wa Umuofia. Nyumbani kwake amekaa kijana wa kabila lake lakini wa kijiji kingine, Ikemefuna, kwa miaka mitatu, naye humwita Okonkwo baba. Siku ikafika, ikaamriwa kijana auawe. Njiani alipopigwa alimkimbilia Okonkwo, na Okonkwo mwenyewe akamkata kwa panga. Kwa nini? Madesa hujibu kwa neno moja: ukatili.

Msichana mmoja, mkimya, akaaye nyuma, alikataa. Aliandika kwamba Okonkwo aliogopa. Sentensi yake ilikuwa na makosa manne ya Kiingereza, lakini ilikuwa kweli, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari uonyeshao hofu hiyo.

Wiki ile ile baba yake alikuja shuleni. Alikuwa ameona alama zake za Kiingereza. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu ni mzito. Nafikiri nimrudishe nyumbani, anisaidie shambani." Sikubishana naye. Nilimwita binti, nikamwomba amsimulie baba yake kisa kile kwa Kiswahili. Mzee alisikiliza, kisha akasema, "Huyo hakuogopa. Alitii amri ya wakubwa." Binti akajibu kwa adabu, "Hapana, baba. Yuko mzee mmoja, Ezeudu, alikuja kumwonya asitie mkono wake katika kifo cha kijana yule. Wenzake walikuwa wameanza kazi bila yeye. Aliogopa kuonekana mnyonge, kwa sababu baba yake alidharauliwa, alikufa na madeni, naye hakutaka kufanana naye." Mzee alinyamaza. Kisha akauliza, "Na kitabu chaishaje?" "Sijafika mwisho, baba." Mzee akasema, "Basi rudi darasani, ukafike." Hakusema tena habari za shamba.

Labda mtauliza: kufikiri kwa Kiswahili juu ya kitabu cha Kiingereza, je, si kupoteza wakati? Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mawazo makubwa hayaogopi lugha yetu. Lakini hatukomei hapo, maana mtihani haungoji. Wazo likishakomaa kwa Kiswahili, twalivusha kwa sentensi tatu fupi za Kiingereza: ya kwanza yasema wazo, ya pili yataja jambo la kitabuni, ya tatu yaeleza jinsi jambo lile lithibitishavyo wazo. Makosa ya sarufi twayasahihisha baadaye. Sarufi yaweza kunyoshwa. Wazo lisilokuwapo haliwezi.

Nanyi wazazi mwaweza kusaidia, hata kama hamjui neno moja la Kiingereza. Jioni, mkiwa jikoni au mkipukuchua mahindi, mwambieni mtoto awasimulie kitabu anachosoma. Bishaneni naye kama mbishanavyo juu ya kesi ya jirani. Akisema mtu fulani ni mbaya, mwulizeni, "Umejuaje?" Akijaribu Kiingereza na kukosea, msimcheke, anayechekwa hufunga mdomo, na mdomo uliofungwa haujifunzi lugha. Na kabla hamjasema mtoto ni mzito, msikilizeni kwanza kwa lugha anayoijua.