Punda Afe, Mzigo Ufike?

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kuisikia methali isemayo, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Wengi wetu huitumia kwa kicheko, aghalabu tunapomsema mwajiri asiyejali watu wake. Mimi nami niliitumia kwa miaka mingi bila kuipima. Niliacha kuicheka Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2011, na leo napenda kukueleza sababu.

Siku hiyo nilikuwa mjini Liverpool, Uingereza, nyumbani kwa binti yangu anayefanya kazi huko. Kando ya mji ule kuna kiwanja cha mbio za farasi kiitwacho Aintree, na kila mwaka hufanyika hapo mbio mashuhuri za Grand National. Hizi si mbio za uwanda mtupu. Mwaka ule farasi 40 waliukimbia mwendo wa zaidi ya kilometa 7, wakizunguka kiwanja mara mbili na kuruka viunzi 30 vilivyovikwa matawi mabichi ya miti, vingine vyenye mitaro mbele yake, vingine vyenye ardhi iliyoshuka ghafula upande wa kutulia.

Nilikaa mbele ya televisheni pamoja na mjukuu wangu, wakati huo mtoto wa miaka 8. Mzunguko wa kwanza ulitufurahisha. Katika mzunguko wa pili tukaona jambo la ajabu: mahali pawili farasi hawakuruka, bali waliongozwa kukizunguka kiunzi kwa pembeni.

"Babu, mbona hawakuruka pale?" mtoto akauliza.

Picha ilipigwa kutoka juu. Nyuma ya kiunzi tuliona turubai limefunika kitu kilicholala majanini. Farasi wawili, Ornais na Dooneys Gate, walikuwa wameanguka katika mzunguko wa kwanza na kufa. Sikumjibu mtoto. Punde farasi Ballabriggs akashika njia ya mwisho akiwa mbele ya wote, na mpanda farasi wake akimchapa mjeledi.

"Na huyu, babu, anapigwa kwa nini, naye ndiye anayeshinda?"

Hilo nalo sikulijibu. Ballabriggs alipofika alikuwa amechoka na kupatwa na joto hata mpanda wake ikambidi ashuke upesi, wakaja watu na ndoo za maji, na farasi akapewa oksijeni. Baadaye yule mpanda farasi alifungiwa siku 5 kwa kuzidisha mjeledi, ila ushindi haukuguswa. Usiku ule sikupata usingizi, wala si kwa sababu ya farasi wa Waingereza. Maswali ya mtoto yalikuwa yamenirudisha Kondoa, katika korongo moja ninalolijua.

Nilikuwa na umri wa miaka 12. Baba alinituma kupeleka mahindi mashineni kwa punda wetu, jike mpole aliyekuwa amezeeka kidogo. Baba alikuwa na desturi ya kunionya, "Kwenye mteremko mlegezee kamba, atazame njia mwenyewe." Siku hiyo nilikuwa na haraka, maana wenzangu walikuwa wakinisubiri tucheze mpira. Tulipoanza kuupanda ukingo wa korongo, punda akasimama. Nikamchapa. Akapanda hatua chache, akasimama tena. Nikamchapa zaidi, huku nikimvuta kamba kwa nguvu. Alipanda hadi juu kabisa, akapiga magoti, akalala ubavu, asiinuke tena.

Baba alipokuja hakunipiga. Aliufungua mzigo, akajitwika debe moja, nami akanitwika jingine. Mahindi yalifika mashineni. Punda alibaki korongoni. Njiani baba alisema neno moja tu: "Alisimama ili akwambie. Hukusikia."

Huenda utauliza, ndugu msomaji, punda wa Kondoa na farasi wa Aintree wana uhusiano gani? Nami nilijiuliza vivyo hivyo, na tangu siku ile nimejifunza mengi juu ya mbio hizo. Nilichokiona ni kwamba wapanda farasi walio hodari walikwisha kuyajua yale ambayo baba yangu, asiyepata kupanda farasi hata siku moja, alikuwa akinifundisha.

Zamani za kale mpanda farasi wa Ulaya aliporuka kiunzi aliegemea nyuma, miguu ameitanguliza, na hatamu ameivuta kama mtu anayening'inia kwenye kamba. Aliamini kuwa hivyo ndivyo anavyomsaidia mnyama. Kumbe alikuwa akimuumiza mdomo na kumlemea mgongo. Afisa mmoja wa jeshi la wapanda farasi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni. Akaona kwamba hunyosha shingo na kutua kwa miguu ya mbele. Basi akafundisha kuwa ni mtu anayepaswa kumfuata farasi: ainame mbele, anyanyuke kidogo kutoka kwenye tandiko, na mikono yake iufuate mdomo wa mnyama. Hata leo, farasi wa viunzi akijikwaa wakati wa kutua, mpanda hodari huiachia hatamu iteleze vidoleni mwake, ili farasi apate shingo ya kujiokolea. Mlegezee kamba, atazame njia mwenyewe!

Kuhusu mjeledi, sina mfano uzidio ule wa mwaka 1973. Farasi Crisp, mzaliwa wa Australia, alibeba uzito wa kilo 76, naye Red Rum, aliyekuwa akimfuata, alibeba kilo 66 tu. Crisp aliruka kama anayecheza, akawaacha wenzake mbali sana. Baada ya kiunzi cha mwisho nguvu zikamwishia. Mpanda wake, Richard Pitman, akaondoa mkono mmoja kwenye hatamu ili amchape. Farasi aliyechoka akakosa mkono wa kumwongoza, akayumba kushoto, na hatua za thamani zikapotea katika kumrudisha njiani. Red Rum akampita hatua chache kabla ya mwisho, akashinda kwa tofauti isiyofika hata urefu wa farasi mmoja. Pitman mwenyewe amekiri hadharani kwamba lile lilikuwa kosa lake. Ninamheshimu kwa hilo. Crisp hakuhitaji kuambiwa kwamba ajitahidi. Alihitaji kushikwa vema tu.

Nisiwasingizie watu wa mbio. Wengi wao huwapenda farasi wao na kuamka alfajiri kuwahudumia, na wapanda farasi wenyewe huvunjika mifupa mara kwa mara. Husema pia kuwa farasi hupenda kukimbia. Ni kweli. Mwaka 2012 farasi Synchronised alimpoteza mpanda wake kwenye kiunzi kiitwacho Becher's Brook, akaendelea kukimbia na kuruka peke yake, bila mtu wala mjeledi. Viunzi vichache mbele akavunjika mguu, ikambidi auawe. Watu huitaja habari hiyo kuwa ushahidi wa kwamba farasi anapenda kazi yake. Mimi naiona kuwa ushahidi wa jambo jingine. Ikiwa mnyama ana moyo wa kukimbia hata ajiangamize, basi mwenye akili ya kusema "basi, inatosha" hana budi kuwa binadamu.

Na binadamu wamekuwa wakijifunza, ingawa polepole. Ardhi ya kutulia pale Becher's Brook imesawazishwa. Mwaka 2013 nguzo za mbao zilizokuwa ndani ya viunzi ziliondolewa, zikawekwa za plastiki zinazopinda. Tangu mwaka 2023 mpanda farasi wa viunzi Uingereza haruhusiwi kutumia mjeledi zaidi ya mara 7 katika mbio moja, na akizidisha mara 4 au zaidi, farasi wake hunyang'anywa nafasi aliyoipata. Ushindi nao sasa waweza kuguswa. Mwaka 2024 idadi ya farasi wanaoruhusiwa ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34. Mwaka huo wakakimbia 32, asianguke hata mmoja, na wote wakarudi zizini wazima.

Ningependa habari yangu iishie hapo. Lakini mwaka 2025 farasi Celebre d'Allen, mwenye umri wa miaka 13, aliishiwa nguvu, akaanguka baada ya kiunzi cha mwisho, akafa siku chache baadaye. Siku ile ile ya mbio wasimamizi walimpa mpanda wake adhabu ya kufungiwa siku 10. Kosa lake halikuwa mjeledi. Waliona kwamba aliendelea na farasi ambaye dalili zote zilionyesha hana tena cha kutoa.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka gazeti chini. Miaka mingi baada ya siku ile ya korongoni, nilikuwa nimesikia hukumu ya baba yangu ikitolewa na wageni, kwa lugha ya kigeni: alisimama ili akwambie, hukusikia.

Mjukuu wangu sasa ni kijana mkubwa. Nilimpigia simu nikamwambia kuwa nilikuwa na deni lake la majibu mawili. Farasi wale, nikasema, hawakuruka pale kwa sababu wenzao wawili walikuwa wamekufa kwa ajili ya burudani yetu, mimi na wewe tukiwamo. Na yule mshindi alipigwa kwa sababu aliyekuwa juu yake alifikiri kuwa kushinda ndio mzigo, na mzigo hauna budi kufika. Kisha nikamsimulia habari ya punda, ambayo sikuwa nimepata kumsimulia mtu yeyote nyumbani mwangu.

Ndugu msomaji, methali yetu ina maneno mengi ya bwana na hamna hata moja la punda. Ukiwa na mnyama anayekubebea mzigo, siku atakaposimama njiani, kabla hujaokota fimbo, muulize kwanza anakwambia nini.