Vipuri Visivyouzwa Dukani

Kitu cha kuchezea kinapovunjika katika nyumba ya askari, aghalabu hupandishwa juu ya kabati, na hapo hungoja siku ambayo baba atapata nafasi. Nafasi yenyewe ni adimu. Leo zamu, kesho uhamisho, keshokutwa kazi ya nje ya nchi. Na mtoto naye hukua, akaacha kukiulizia. Habari hii ni ya winchi moja ndogo ambayo haikupandishwa kabatini, katika nyumba moja ya Bwizibwera, mji mdogo ulio kaskazini ya Mbarara kwenye barabara iendayo Ibanda.

Mwenye nyumba ni koplo wa jeshi. Mwaka 2019 alirudi likizo kutoka Somalia, ambako askari wa Uganda walianza kwenda mwezi Machi 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika. Mwanawe alikuwa na miaka sita, na katika miaka hiyo sita, usiku ambao baba alilala nyumbani ukihesabiwa wote haukufika mwaka mmoja. Mtoto alimjua kwa picha ya ukutani na kwa sauti ya simu. Na kwa kuwa kila mtu aliyepita mlangoni alimwita baba huyo "afande", mtoto naye alimwita afande. Mama alimsahihisha mara mbili tatu mbele ya majirani, kisha akanyamaza kwa haya.

Zawadi aliyomletea ilikuwa mfano wa winchi ya magurudumu. Chini yake palipigwa chapa 1:50, maana yake sentimita moja ya mfano ni sentimita hamsini za winchi ya kweli. Mwili ulikuwa wa chuma, lakini ule mkono mrefu wa kunyanyulia ulikuwa wa plastiki, uliosukwa kama uzio. Ulisafiri ndani ya begi la jeshi, chini ya buti. Begi lilipofunguliwa mkono ulikuwa vipande vitatu, na kulabu pamoja na kapi zake havikuonekana tena. Mtoto aliitazama, akasema, "Asante, afande," akatoka kwenda kusukuma tairi lake bovu na wenziwe.

Likizo ilikuwa ya siku 21.

Siku ya tatu koplo alikwenda Mbarara, ambayo wakati ule ilikuwa bado manispaa. Ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Alizunguka maduka mpaka jua likageuka. Vipuri vya lori vilikuwapo, vya pikipiki vilikuwapo, hata vya cherehani. Mkono wa winchi ya kuchezea hakuna aliyewahi kuuagiza. Muuza duka mmoja alimshauri kwa upole anunue gari jipya la plastiki, mambo yaishe. Ushauri huo ulikuwa wa busara kwa mfuko wake, lakini haukumfaa mtu ambaye tayari alikuwa ameambiwa asante kwa kitu kilichovunjika.

Shida ya koplo ilikuwa imewapata wengine kabla yake. Mjini Liverpool, Uingereza, mwaka 1899, karani mmoja aitwaye Frank Hornby alianza kuwakatia wanawe vipande vya bati nyumbani kwake, akawaundia madaraja, malori na winchi. Mwanzoni kila kipande kilifaa chombo kimoja tu. Baadaye akatambua kwamba vipande vikitobolewa matundu yenye nafasi sawa, nusu inchi toka tundu hadi tundu, na kufungwa kwa nati na skrubu, kipande kilichokuwa cha winchi leo kitakuwa cha daraja kesho. Mwaka 1901 alipata haki ya uvumbuzi huo, na tangu mwaka 1907 bidhaa yake ikajulikana kwa jina la Meccano, ikatajirisha nyumba yake. Koplo hakupata kumsikia Hornby. Yeye alikuwa katika ile hali ya kwanza ya Hornby, ya baba mwenye mkasi na bati, na kipande kisichofaa mahali pengine popote duniani.

Mkewe ni mzaliwa wa Kongo, naye alikulia Nakivale, ile makazi ya wakimbizi iliyo wilaya ya Isingiro, iliyoanza kupokea watu kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo Kiswahili husikika sana humo. Kaka yake yuko huko bado, fundi wa bati katika eneo la Base Camp. Makopo makubwa ya mafuta ya kupikia, yeye huyageuza kuwa taa, vipimo vya maharage na majiko madogo. Mke akasema, "Baba Fulani, bati likikushinda, nenda kwa shemeji yako." Koplo akapanda gari hadi Mbarara, na jingine hadi Nakivale, na safari hii akamchukua mtoto, kwa kuwa mama alikuwa na nguo za watu za kushona na hakutaka fujo.

Shemeji aliigeuzageuza winchi mkononi kama daktari, akauliza jambo moja tu: "Shemeji, unataka ifanane, au unataka inyanyue?"

Swali hilo ndilo linalogawanya kazi hii yote. Winchi ya kufanana tu hukatwa kwa kadibodi jioni moja, ikapakwa rangi ya manjano. Winchi ya kunyanyua hudai hesabu. Koplo alijibu kwamba inyanyue.

Kwa mkono walichagua spoku za baiskeli. Spoku ina unene wa milimita mbili hivi. Ukizidisha kwa hamsini unapata bomba la sentimita kumi, nalo ni jambo la kuaminika kwa winchi kubwa. Urefu wake ni karibu sentimita 30, basi spoku nane, nne zikifuatana na nne, zinatoa mkono wa karibu sentimita 60, yaani mita 30 za kweli. Maungio hayakuwekwa mahali pamoja. Kila moja lilipishana na jirani yake, kama mwashi apishanishavyo matofali, ili pasiwe na mahali pamoja padhaifu. Katikati ya spoku ulisukwa waya mwembamba kwa pembe tatu tupu. Ukifunga vijiti vinne kuwa mraba, mraba huo utausukuma kwa kidole ulale. Ukifunga vitatu, havilali mpaka kimoja kivunjike. Ndiyo sababu kenchi za paa hufungwa vile zifungwavyo.

Kulehemu ndiko kulikokula siku. Kila spoku husuguliwa kwa msasa mpaka ing'ae, hupakwa dawa, kisha chuma kilichopashwa moto katika makaa huyeyusha lehemu. Taabu ni kwamba viungo viko karibu karibu: ukilehemu cha tatu, cha pili kinayeyuka na kuachia. Shemeji alivifunga viungo vilivyokwisha kwa kitambaa kibichi, ili moto usivifikie. Mtoto, aliyekuwa amekaa juu ya debe mbali kidogo, alipewa kazi ya kukilowesha kitambaa kila kikikauka. Aliifanya bila kusema neno, lakini hakuondoka. Walilala Nakivale siku mbili.

Kapi zilitengenezwa Bwizibwera. Koplo alianza na vifungo vya shati kutoka katika mkebe wa mkewe (si vya sare, vile ni mali ya serikali), viwili viwili mgongo kwa mgongo. Havikufaa. Kifungo kina matundu manne wala hakina la katikati, na kapi isiyo na katikati huzunguka kama mlevi arudiye nyumbani. Akakata visahani vya plastiki ya jerikeni, akavitoboa katikati kwa sindano iliyopashwa moto. Uzi ulipitishwa juu na chini mara nne kati ya ncha ya mkono na kulabu. Uzi ukipita mara nne, mvutaji hubeba robo tu ya uzito, lakini hulipa kwa kuvuta urefu mara nne. Hapana winchi duniani, ya bandari ya Mombasa wala ya kabatini, iliyopata kuikwepa bei hiyo.

Gurudumu la meno la kuzuia mzigo usirudi lilitoka katika saa mbovu ya mezani, kwa fundi wa saa wa Mbarara. Ulimi wake ulikatwa kwenye bati la kopo la Nakivale. Ukizungusha mpini hulia ka-ka-ka kama friwili ya baiskeli, na ukiachia, mzigo hubaki ulipo. Uzito wa nyuma ulikuwa mkebe wa samaki uliojazwa saruji. Hesabu yake ni ya pembea: gramu 200 zinazoning'inia sentimita 40 mbele ya egemeo hutaka gramu 800 sentimita 10 nyuma yake, na ziada kidogo kwa ajili ya uzito wa mkono wenyewe.

Hata hivyo, siku ya 15, winchi ilikataa. Ilipandisha vizuri, lakini kulabu tupu haikushuka. Uzi ulilegea na kujikunja hewani kama nywele. Sababu yake inastahili kujulikana. Kitu kikipunguzwa mara hamsini kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hupungua mara 125,000. Winchi ya tani 50, ikiundwa ndogo kwa vitu vilevile, ingekuwa na gramu 400 tu. Nguvu ya mfupa wake haipungui kiasi hicho, na Galileo aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Kwa hiyo mfano mdogo hauvunjiki ovyo, ila kulabu yake ni nyepesi mno, haiwezi kuuburuta uzi kupita kwenye kapi. Koplo akafikiria kuijaza risasi ya betri kuukuu ya gari. Mama akakataa katakata, na haki ilikuwa yake: risasi ni sumu, na hudhuru zaidi akili ya mtoto mdogo, ambaye kila kitu hukipeleka mdomoni.

Mtoto ndiye aliyesema, "Ni kama ndoo tupu. Ndoo tupu haizami." Kisha akafungua mfuko wa kaptula, akatoa nati mbili za chuma zenye kutu alizookota kwa mafundi wa pikipiki, akaziweka juu ya meza. Zilisuguliwa, zikafichwa ndani ya nyumba ya kulabu, na uzi ukasuguliwa nta ya nyuki ili ulale. Kulabu ikashuka yenyewe, polepole, mpaka sakafuni.

Siku zilizosalia koplo alimfundisha ishara. Mwendesha winchi mara nyingi hauoni mzigo wake; humtii mtu aliye chini. Kidole juu kikizungushwa, pandisha. Kidole chini kikizungushwa, shusha. Kiganja kikielekea chini na mkono ukipungwa kushoto na kulia, simama. Mtoto alizijua kwa nusu saa, akaanza kumwendesha mzee wake jioni nzima, naye akitii kama kuruta. Usiku wa mwisho mzigo ulikuwa kopo dogo la maharage. Mtoto aliamuru lipande, likafika nusu ya njia, akapunga mkono: simama. Akaenda kulala. Alfajiri koplo aliondoka na gari la kwanza la Mbarara, kopo likiwa bado hewani, ulimi wa bati umelishika.

Wiki ya tatu alipiga simu. Mkewe alimweleza habari za shule, za mvua, za deni la duka. Kisha akasema kwamba kopo halijashushwa, na mtu akiligusa pana kilio. Mtoto anadai aliyelipandisha ndiye wa kulishusha.

"Anauliza afande atarudi lini," akasema.

"Mwambie asiondoe mkono," akajibu koplo.