Kompyuta iliyokula betri ya wakimbizi

Fundi mmoja kijana alivuka mto kutoka Lubunga mwaka 2023, wakati mapigano ya Wambole na Walengola yalipoanza. Upande huu wa Kisangani alikuta wenzake wakimbizi wa vita wakingoja umeme wa bwawa la Tshopo ili wachaji simu, na umeme huo unakuja unavyotaka wenyewe. Akaunda kisanduku chake: paneli moja ya jua, betri ya volti 12 na ampea-saa 7, na kompyuta ndogo ya kugawa umeme kwa zamu.

Kompyuta ilikuwa Raspberry Pi 4, ya mtumba. Ni yenye nguvu, na hapo ndipo alipokosea. Inakula kama wati 3 hata isipokuwa na kazi. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 72, na betri nzima ina 84. Siku ya mvua, mgawaji alimaliza chakula kabla ya wageni kukaa. Mama mmoja aliyengoja sauti ya mwanawe aliyebaki ng'ambo alirudi mara tatu, simu bado imezimika.

Wenye mashine kubwa wanapambana na jambo hilohilo. Roboti za kuongoza magari za Mama Thérèse Izay Kirongozi, zilizowekwa Kinshasa mwaka 2013, zilitumia jua na zilikuwa na kamera. Kushughulikia picha kunataka kompyuta yenye mwendo. Mwendo unazaa joto. Joto likizidi, chipu inajipunguzia mwendo yenyewe. Lakini kisanduku cha wakimbizi hakihitaji macho. Kinapima volti, kinafungua njia ya umeme au kinaifunga, basi.

Akaweka chipu ya ATmega328, yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Kuandika programu ya kutosha humo kulimchukua usiku mwingi kuliko kuchomelea nyaya. Sasa chipu inalala, inaamka, inapima, inalala tena. Usingizini inakula chini ya miliampea moja.

Ile kubwa hakuiuza. Saa sita mchana, jua likiwa kali na simu zimejaa, anaiwasha ili watoto wajifunze kuandika programu. Joto lake limemlazimu kutoboa kisanduku matundu, na sasa sisimizi wanaingia. Amefunika matundu kwa kipande cha chandarua.