Kutu ya Kazi na Kutu ya Kuachwa

Mwezi huu twataka kuwapa habari ya kazi ndogo ya mikono iliyofanyika nyumbani kwetu, nayo ni kutengeneza mfano mdogo wa trekta la kale, na kuupaka rangi hata ufanane na chombo kilichokwisha fanya kazi miaka mingi. Labda mwingine atasema kuwa huo ni mchezo wa watoto. Ni kweli, watoto ndio walioanza. Lakini kazi ilipokuwa nusu, wakubwa nao walikuwa wameketi mkekani, na jambo lililonyamaziwa siku nyingi katika jamaa yetu lilikuwa limesemwa.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, aina iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1964 na kuundwa katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda 3, boneti nyekundu, na injini ya rangi ya kijivu. Jina la Ferguson latoka kwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884 akafa mwaka 1960. Yeye ndiye aliyebuni njia ya kulifunga jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na kuliinua kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo na pampu. Hapo kwanza jembe lilikokotwa tu, na likikwama katika kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Kwa njia ya Ferguson, mkono wa juu husukuma kuelekea mbele na kulizuia trekta lisipinduke, na uzito wa jembe huyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi. Ndiyo sababu trekta jepesi liliweza kulima kazi ya trekta zito.

Baba yetu aliendesha trekta la namna hiyo miaka kumi na minane katika shamba la mahindi huko Iringa. Kisha likakabidhiwa watu wengine, wala haikupita miaka miwili injini ikakwama, nalo likasukumwa chini ya mkwaju likaachwa. Watu wakaanza kusema, "Trekta lile liliuawa na dereva wa kwanza, hakulitunza." Baba hakuwajibu, wala sisi hatukumwuliza, maana tuliona vigumu kumwuliza mzee neno kama hilo. Ikawa hivyo miaka mingi. Mwishowe tukasikia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja kulikata. Ndipo watoto wakamwomba babu yao ruhusa ya kwenda kulipima kabla halijaondoka.

Tulichagua kipimo cha 1 kwa 10, yaani kila sentimita 10 za kweli ziwe sentimita 1 ya mfano. Toka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni sentimita 183, basi katika mfano ni 18.3. Rimu ya nyuma ina kipenyo cha sentimita 71, ikawa 7.1. Walimu watafurahi kusikia kwamba mtoto aliyekuwa akiziogopa desimali ubaoni hakuziogopa tena, kwa kuwa alijua gurudumu halitaingia mahali pake akikosea nukta.

Injini tuliichonga kwa mti laini. Boneti na madigadi tulikata katika kopo la mafuta ya kupikia, na usukani ukawa wa waya uliopindwa. Matairi tulipata kwa kukata kandambili chakavu viduara, kuvibandika pamoja kwa gundi, na kuchonga meno yake kwa kisu kikali.

Rangi ndiyo iliyoleta maneno. Njia yake ni hii. Kwanza bati hupakwa rangi ya kahawia, kama kutu. Ikikauka, hulowanishwa kidogo na kunyunyiziwa chumvi mahali unapotaka alama. Juu yake hupakwa rangi nyekundu. Hiyo nayo ikikauka, chumvi husuguliwa itoke, na pale ilipokuwa huonekana kahawia, kama rangi iliyobanduka kwa miaka. Baada ya hayo sharti mfano uoshwe kwa maji safi na kukaushwa, maana chumvi ikibaki italeta kutu ya kweli. Swali likawa, chumvi iwekwe wapi? Wavulana walitaka mfano uwe na kutu kila mahali, kama trekta lilivyo chini ya mkwaju. Msichana wetu alitaka uwe mpya, kama lilivyotoka kiwandani. Hawakupatana, wakampelekea babu yao shauri.

Mzee aliutazama mfano muda mrefu, akasema, "Wajukuu zangu, trekta jipya sikulijua, na lile la chini ya mkwaju si langu. Langu ni la katikati. Kutu ina mahali pake, na isipokuwapo pia pana sababu."

Basi akawaonyesha. Mahali pa kukanyagia, alisema, rangi huisha lakini hapashiki kutu, kwa kuwa viatu hupang'arisha kila siku. Mahali pa kutilia dizeli huwa peusi kwa vumbi lililoshikwa na mafuta, lakini mafuta hayo hayo huyazuia maji, nayo kutu haingii. Bomba la moshi hushika kutu hata trekta likiwa changa, maana moto huichoma rangi. Boneti upande wa juu hupauka kwa jua kama kanga iliyofuliwa sana, bali chini ya madigadi wekundu hubaki. Kiti chake kililika upande mmoja, kwa sababu mchana kutwa aligeuka kulitazama jembe lililo nyuma. Na jembe lenyewe hung'aa kama kioo wakati wa kulima, kwa kuwa udongo hulisugua. Likilazwa bila kupakwa mafuta, umande wa usiku mmoja watosha kulianzisha kutu.

"Mkiona jembe lina kutu," alisema, "msiseme limefanya kazi nyingi. Semeni limeacha kazi."

Ndipo mkubwa wa watoto akamkumbusha jambo waliloliona walipokuwa wakipima. Walikwangua tope kwenye viungo vya magurudumu ya mbele, wakakuta grisi ya kale imegandamana, tabaka juu ya tabaka, ngumu kama gome la mti. Akauliza, "Babu, ile ilikuwa nini?"

Mzee akanyamaza kidogo, akajibu, "Zile ni asubuhi zangu."

Akatueleza jinsi alivyokuwa akiamka kabla ya jua, akatia grisi kila kiungo, akapima mafuta ya injini kwa kijiti chake, na kumwaga maji yaliyotuama katika chujio la dizeli. Akasema, "Nililikabidhi likiwaka mara moja." Neno hilo tulilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Twajua kwamba grisi ya kiungo haiwezi kuishuhudia injini. Kila kimoja kina mafuta yake. Lakini mtu ainamaye kila asubuhi kwa ajili ya kiungo kidogo kilichofichwa na tope, sisi hatuamini kwamba husahau kijiti cha mafuta kilicho mbele ya macho yake.

Basi tukakata shauri kwamba mfano wetu uwe trekta la jioni ya siku ya mwisho aliyoliendesha. Chumvi ikawekwa pale tu alipopaonyesha mzee. Udongo mwekundu wa shamba lile lile tuliuchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na gundi nyepesi, tukayapaka magurudumu. Na katika kila kiungo watoto walitia tone moja la rangi nyeusi, kwa ncha ya mwiba.

Trekta lilikatwa, likapakiwa katika lori. Mfano umesimama juu ya kabati, na majirani huja kuutazama. Mmoja wao, aliyekuwa akisema pamoja na wale wasemaji, aliuliza, "Na haya matone meusi ni nini?" Baba akamjibu, "Ni grisi." Mgeni akaviangalia viungo vyote, kimoja kimoja, kisha akasema, "Kumbe!" Hakuongeza neno, wala baba hakutaka aongeze.

Ndugu walimu, na ninyi wazazi, vijijini mwenu hamkosi gari la ng'ombe, au mashine ya kusaga, au cherehani ya kale. Wapeni watoto waipime na kuiunda kwa makopo na miti. Lakini kabla hawajapaka rangi, wapelekeni kwanza kwa mzee aliyeitumia, wakamwulize kila alama ilitoka wapi. Msikawie, kwa maana wanunuzi wa vyuma hawakawii, na wazee nao hawakai nasi siku zote.